Mchezo wa Yuko Wapi

Jinja, 5 Machi 1979

Kwa Khainza, mke wa mwanangu Sulait, Namatala, Mbale.

Salaam nyingi. Barua hii anakuletea Nicanor, dereva wa lori la mahindi, maana posta imelala. Mpe maji anywe. Chakula usimpe, ana tumbo la gunia.

Sulait ameniambia shule za huko zimefungwa kwa sababu ya vita, na watoto wanakaa tu. Jamil anavuta mkia wa mbuzi wa jirani na Kulusumu analia. Hii ni aibu. Mimi na wewe adabu ya ukwe haituruhusu kukaa chumba kimoja, lakini karatasi haina haya. Basi nitakufundisha kwa barua jinsi ya kulea watoto bila kununua kitu.

Mimi sikukanyaga shule. Herufi nilifundishwa vitani Bama, nilipokuwa Keya, jeshi la Mwingereza, na sajini mmoja aliyezichora kwenye majivu ya jiko langu. Nilikuwa napikia kombania nzima. Jenerali wa Kizungu alikula maharage yangu akauliza jina langu. Nani mwingine hapa Jinja aliulizwa jina na jenerali? Hakuna.

Shika haya. Tandaza majivu kwenye sinia, Jamil aandike A kwa kidole, afute, aandike tena. Majivu hayaishi. Kuhesabu, mpe maharage achambue, kila kumi rundo lake. Akimaliza kuhesabu, chakula cha jioni kiko tayari kwa sufuria. Sukari haipo, najua. Ponda ndizi iliyoiva mpaka imeanza kuoza, tia katika uji wa ulezi, hawatakuuliza sukari. Dagaa nimempa Nicanor. Wakaange wakavu kwanza, ndipo utie karanga za kutwanga. Na usichanganye yale malewa yenu ya Bugisu, machipukizi ya mwanzi. Mwanzi ni wa kujengea, si wa kula.

Sasa mchezo. Unaitwa Yuko Wapi. Mmoja anajificha. Mmoja ni afande. Afande anamwuliza wa tatu, kwa Kiswahili, kwa ukali: yuko wapi? Huyo anasimama wima, anapiga saluti, anajibu: yuko chini ya kitanda, afande. Yuko nyuma ya mlango, afande. Akijibu sawa, karanga moja. Akijibu ovyo, hapati. Hivyo mtoto anajua juu na chini, mbele na nyuma, na anajua lugha ya wakubwa. Mtoto asiyeweza kumjibu afande, huyo ni mtoto wa nani?

Ni mimi,
Muhamad Isabirye, Mpishi


Namatala, 27 Machi 1979

Baba mkwe,

Nakusalimu kwa heshima. Dagaa walifika pungufu. Nicanor anasema ni panya. Panya huyo ana masharubu na anaendesha lori.

Sinia la majivu linafanya kazi. Jamil anaandika jina lake, ila herufi ya kwanza anaigeuza ikatazama nyuma. Kulusumu aliandika kidogo, kisha akala majivu. Uji wa ndizi wanaulamba mpaka nje ya chungu.

Mchezo ndio umeingia nyumbani kabisa. Sulait akirudi kutoka jikoni kwa maafisa wa kambi ya jeshi, kabla hajavua aproni, anakwenda kujificha. Unamjua alivyo mrefu, miguu inabaki nje kila mara. Jamil anaiona, anauma midomo asicheke, anangoja mimi niwe afande nimwulize. Hapo ananipigia saluti mpaka kofia ya baba yake inaanguka: baba yuko nyuma ya pazia, afande.

Majirani hawapendi. Mtaa huu watu wakisikia Kiswahili cha ukali, lugha ya askari, wanafunga milango. Mimi mwenyewe nikitamka neno afande natazama mlango kwanza, wakati ni mimi ninayelitamka. Lakini watoto wanacheka, na siku hizi mwenye kucheka amekula.

Malewa napika bado, na karanga na maji ya majivu kama mama yangu. Mwanao huomba aongezewe.

Khainza


Jinja, 8 Aprili 1979

Khainza,

Majirani wako ni watu wa kuogopa kila kitu. Jamil asifundishwe woga wao.

Sulait ameniambia kosa lako. Unampa mtoto karanga hata akinong'ona, hata akijibu nusu. Usimpe. Jibu ni kwa sauti, macho mbele, na liwe zima. Yuko juu, haitoshi. Juu ya nini? Nyuma ya nini? Upande gani? Mimi Bama niliulizwa chumvi iko wapi, nikajibu nusu, nikalala lokapu. Tangu siku ile sijajibu nusu.

Mizinga tunaisikia sasa upande wa magharibi. Watu wengine wanafunga mizigo kwenda Kenya. Mimi siendi, nitawakimbia askari hawa watoto waliozaliwa jana? Na Sulait anasema wenzake wa kambini wanataka kuvuka naye anafikiri kuwafuata. Mwambie baba yake amekataa. Mpishi hana adui. Kila jeshi lina njaa. Hili linaloondoka likiondoka, lile linaloingia litauliza nani anajua kupika. Akae nyumbani kwake angoje kuitwa.

Muhamad Isabirye


Namatala, 3 Juni 1979

Baba mkwe,

Nakusalimu. Tumesikia Jinja mmepona. Sisi tuko.

Sulait hayupo. Kambi ilipotawanyika aliondoka. Amekwenda Kisumu, amepata kazi ya kupika hotelini. Kuandika hataweza kwa sasa. Watoto wazima. Usitume mtu.

Khainza


Jinja, 19 Agosti 1979

Khainza,

Nimewaambia wote. Hoteli ya Kisumu. Nimewaambia si jikoni tu, ndiye mkubwa wa jikoni. Hukuandika hivyo, lakini mtoto wangu angekuwa nini kingine?

Hapa kazi imeanza. Mji umeporwa, shule haina dawati wala mwalimu, wazazi wanatangatanga na watoto. Nikasema walete uani kwangu. Majivu, maharage, uji wa ndizi, yote niliyokufundisha. Akina mama wanapika pamoja, chungu kimoja kwa nyumba nyingi, watoto wanahesabu na kucheza. Hata imamu ameleta wake. Yuko Wapi wanauita mchezo wa Mzee Isabirye. Ukipita Jinja utausikia nyuma ya kila nyumba.

Lakini mimi nauliza. Mwaka unakwisha na Sulait haniandikii hata mstari. Mwanamume hakimbii vita peke yake. Wengine hukimbia chungu kibaya. Fikiri hilo unapochemsha miti yako.

Jamil anaendelea na mchezo? Anajibu sawa?

Muhamad Isabirye


Namatala, 10 Oktoba 1979

Baba mkwe,

Mchezo tumeuacha. Ulitaka kujua kama Jamil anajibu sawa. Anajibu sawa sana.

Anamngoja baba yake. Kuna kitu amemwekea.

Khainza


Jinja, 2 Februari 1980

Khainza,

Nimechoka kungoja. Hapo Buwenge kuna binti anaitwa Namukose, nimemwona mwenyewe siku ya soko. Ana mikono ya kupika. Alinipa matoke na karanga nikasahau nilikuja kununua nini. Nimezungumza na baba yake, amekubali. Mwezi ujao ninampeleka Kisumu kwa Sulait, ili mwanangu apate mke wa kumweka nyumbani. Wewe ulikuwa naye, ukampoteza. Usilie, sheria ya dini inamruhusu.

Niandikie jina la hoteli.

Muhamad Isabirye


Namatala, 16 Februari 1980

Baba mkwe,

Usimpeleke mtoto wa watu Kisumu. Sulait hayuko Kisumu. Hakufika hata Tororo. Sulait amekufa.

Kambi ilipotawanyika alirudi nyumbani. Wenzake walimpitia wavuke pamoja. Akawaambia baba yangu ameandika mpishi hana adui. Wakaenda, akabaki. Hazikupita siku nyingi watu wa mtaa wakaanza kusema, huyu aliwalisha. Kwamba hakushika bunduki walijua. Walisema mwiko wake ndio uliowapa wale nguvu ya kutupiga. Basi akapanda darini, pale tunapoweka mahindi. Watoto tuliwaambia baba anajificha, ni mchezo, ili wasiogope. Hilo nilisema mimi, kwa mdomo wangu mimi.

Watu wenye bunduki wakaja mchana, nikiwa naanika ulezi. Sijui walikuwa wa nani. Siku zile kila mwenye bunduki alikuwa askari. Wakaniuliza, nikasema amekimbia. Wakawauliza majirani, majirani wakatazama chini. Watoto wa majirani wakaulizwa, wakanyamaza kama mawe ya jikoni, Kiswahili hawakijui. Kisha mmoja akachuchumaa mbele ya Jamil, akamwuliza, hata ukali hakutia: baba yuko wapi?

Jamil akasimama wima. Akapiga saluti. Akasema kwa sauti, macho mbele: baba yuko juu ya dari, afande, nyuma ya gunia la mahindi, upande wa dirisha.

Hakujibu nusu.

Walicheka sana. Yule aliyeuliza akampa biskuti. Sulait alishuka mwenyewe, vumbi la mahindi kichwani, na alipompita Jamil akamshika kichwa akamwambia, umeshinda. Ndilo neno lake la mwisho chini ya bati lile. Wakampeleka nyuma ya soko, na nilisikia. Wazee wa msikiti walimwosha, wakamzika Nabuyonga siku ile ile.

Watoto niliwaambia wale askari wamemchukua akapike Kisumu. Jamil alikula nusu ya biskuti. Nusu aliifunga kwa jani la ndizi, ya baba. Sisimizi wameimaliza zamani. Jani analibadilisha likikauka.

Nicanor anajua, nilimwapisha asikuambie. Sasa unajua na wewe kwa nini nilikudanganya. Uongo niliompa mtoto na ule niliokupa wewe ulikuwa mmoja, kwa sababu mdomo wako, Baba, hauna mlango.

Khainza


Jinja, 3 Machi 1980

Khainza,

Sisi ni wa Mungu na kwake tutarudi.

Nilimpa imamu barua yako aisome, nikidhani macho yangu yamekosea herufi. Akaisoma hivyo hivyo.

Pilau ya hitima nimepika mwenyewe. Sikumruhusu mtu kugusa mwiko. Watu walikula, wakasifu, wakataka tena.

Lakini usiniandikie kana kwamba ni mchezo wangu. Mchezo wangu una neno la siri. Mlinzi hamjibu afande mpaka afande ataje neno la siri. Asipolitaja, mlinzi ananyamaza hata akipigwa. Ndivyo tulivyofanya Keya, kila mtu anajua. Kama hukumfundisha mtoto neno la siri, hilo ni lako, si langu.

Muhamad Isabirye


Namatala, 12 Machi 1980

Baba mkwe,

Neno la siri hukuliandika. Barua zako nilimsomea Sulait kwa sauti akivua viatu, tukazifuata kama dawa. Neno hilo halikuwamo.

Lakini sitaki kubishana na wewe msiba ukiwa bado mbichi kwako. Chukua unachotaka. Waambie Jinja nzima kwamba ni Khainza, Mugisu mla miti, aliyemwua mwanao kwa kutojua kufundisha mchezo wa watoto. Nikiulizwa nitasema ndiyo. Niongezee lolote. Sitakanusha.

Nakuomba kimoja tu. Jamil asijue. Anajivunia siku ile. Anawasimulia wenzake alivyompigia afande saluti, afande akampa biskuti, baba yake akamwambia umeshinda. Mimi nasikiliza huku napepeta. Iache ibaki hivyo. Usimwambie wewe, wala mtu wako.

Khainza


Jinja, 14 Juni 1982

Kwa Jamil, mjukuu wangu. Nimemwambia Nicanor akupe mkononi mwako, si kwa mama yako.

Mjukuu, mama yako aliniomba ninyamaze, nami nimenyamaza miaka miwili. Hakuna mtu Jinja angeamini ninaweza. Lakini sasa wewe ni mkubwa, na mtu akinyamaza sana wengine wanamsemea.

Mji unapona. Sukari imerudi kidogo. Mzee Hasmukh aliyefukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake amerudi, anapaka rangi duka lake. Watu wakishiba wanapata nafasi ya maneno. Nicanor alilewa pale stendi akasimulia jinsi baba yako alivyokwisha. Tangu hapo uani kwangu hakuna mtoto. Nilikuwa nao mpaka nakosa pa kuweka chungu. Jana binti mdogo niliyemfundisha mimi kuhesabu alinisalimia Jaja, yaani babu, mama yake akamvuta mkono akamzaba kofi, mbele yangu. Wanasema mchezo wa Isabirye ulimwua mwana wa Isabirye. Kunisema mimi hivyo, niliyeulizwa jina na jenerali.

Kwa hiyo nakueleza, uje unisaidie. Baba yako hayuko Kisumu. Wale uliowajibu walimpiga risasi nyuma ya soko. Usilie, mwanamume halii. Wewe ulijibu vizuri, hata mimi nisingekushinda. Ulikosa kitu kimoja tu. Hukumwuliza afande neno la siri. Ungemwuliza, asingelijua, ungenyamaza, na baba yako leo angekuwa anakula. Mchezo haukuwa na kosa, umeona? Shule zikifungwa, Nicanor atakuleta Jinja. Utasimama msikitini baada ya sala, uwaambie hivyo, kwa sauti, macho mbele. Watakuamini, wewe ndiye uliyekuwapo.

Nakuwekea dagaa na karanga. Sukari pia, ya kulamba.

Na mama yako aniandikie kama sasa unasoma bila kusaidiwa.

Jaja yako,
Muhamad Isabirye, Mpishi


Namatala, 29 Juni 1982

Baba mkwe,

Barua yako ilifika nikiwa sokoni nauza malewa. Umetaka kujua kama Jamil anasoma bila kusaidiwa. Anasoma. Alimsomea Kulusumu yote, kutoka juu mpaka jina lako, hakukwama mahali. Kulusumu ndiye aliyekuja sokoni kuniambia, anakimbia.

Hakulia, kama ulivyomwamuru. Jinja haji. Nicanor nimemfukuza mlangoni, barua hii inakuja kwa mkono mwingine, na nyingine haitakuja.

Ninaandika kwa ajili ya kitu kimoja. Anataka kujua neno la siri lilikuwa nini. Nimemwambia halikuwapo. Haamini. Anasema Jaja ameandika kwamba lilikuwapo, na mimi ndiye niliyemdanganya habari ya Kisumu. Basi anabahatisha. Nikienda kuteka maji ananifuata nyuma: lilikuwa mwezi? Nikitwanga: lilikuwa chumvi? Lilikuwa Bama? Akitaja neno ananitazama usoni aone kama ndilo. Ananiamsha. Kulusumu naye sasa anamsaidia kutafuta. Leo asubuhi wamemaliza majina ya wanyama, wameingia ya samaki.

Nilikaa nikuombe umwandikie neno, lolote, ili apumzike. Nikakata karatasi ya kuandikia. Kisha nikaona kwamba ukiliandika atakuwa nalo mpaka uzee wake, neno moja dogo ambalo angelisema tu baba yake asingekufa. Usiandike. Nimekusihi mara moja ukanipita, sasa sikusihi. Nakwambia.

Amesimama mlangoni ninapoandika. Ananiuliza kama lilikuwa ndizi.

Khainza